UZI: Gapi wa birika na wa tangi: anavyozaa, idadi ya kuweka, na mahali asipofaa kumwagwa

Birika_Mkomani (Lamu)

Assalamu aleikum wana jukwaa. Maswali ya gapi, yule samaki mdogo tunayemweka kwenye birika (hodhi la maji la kujengwa nyumbani) ale viluwiluwi vya mbu, yanarudi kila msimu wa mbu na majibu yametawanyika huku na huku, kwa hiyo naufungua uzi huu yakae pamoja. Naanza na mwili wake, maana ukishajua samaki huyu anavyozaa, hesabu ya wangapi uweke, uwalishe nini na uwaweke wapi inakuja yenyewe.

Gapi, kwa jina la kitaalamu *Poecilia reticulata*, kwao ni Trinidad, Venezuela na sehemu za jirani kaskazini mwa Amerika Kusini. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1859. Jina la gapi limetokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyewapeleka samaki hawa Uingereza kutoka Trinidad miaka ya 1860. Dume ni mdogo, sm 2 hadi 3 na kidogo, mwenye madoadoa ya rangi. Jike hufika sm 5 au 6, rangi yake ya kijivu au ya majani makavu.

Usitegemee rangi kuwatofautisha, tazama pezi la chini lililo nyuma ya tumbo. Kwa jike limefunguka kama kipepeo cha mkaa. Kwa dume limejikunja likawa kijiti chembamba kilicholala kuelekea mkiani. Kijiti hicho ndicho kiungo chake cha kupandia: anakizungusha mbele, anamgusa jike chini ya sekunde moja, kazi imekwisha. Mayai yanarutubishwa ndani na kukulia humo humo, kila kijusi na kiini chake cha yai. Siku 22 hadi 30 baadaye jike anazaa vifaranga walio hai, milimita 6 au 7, wanaogelea tangu dakika ya kwanza. Maji ya nyuzi 27 au 28 yanafupisha mimba, maji ya baridi yanairefusha.

Dalili za kukaribia kuzaa: doa jeusi lililo juu ya pezi la chini linapanuka na kukolea, na tumbo linaacha umbo la mviringo, linapata kona kama kisanduku. Kwa jike mwenye ngozi nyeupe, mulika tochi kwa ubavuni, utaona macho ya vifaranga yamepangika kama vitone vya wino. Ukiona hivyo zimebaki siku chache tu. Usimsafirishe wakati huo, kwani mshtuko unaweza kumfanya azae kabla ya wakati, vifaranga watoke na kiini bado kimening'inia tumboni, na wengi hawaishi.

Pezi_Refu

Shukrani mwalimu. Swali la haraka: jike akitengwa peke yake, miezi mitatu hajaona dume, bado anazaa. Inakuwaje?

Birika_Mkomani

Ana akiba. Jike huhifadhi mbegu za dume kwenye mikunjo ya mfuko wake wa mayai, na mbegu hizo hukaa hai kwa miezi. Mpando mmoja unaweza kutoa mizao kadhaa mfululizo, na kumerekodiwa akiba iliyofika miezi minane. Kwa hiyo jike yeyote uliyemnunua kwenye tangi la mchanganyiko mchukulie kuwa ana mimba tayari, hata kama tumbo lake ni bapa.

Mtu anayefuga kwa kuchagua rangi lazima atenge mapema. Vifaranga wakifika wiki ya tatu, anza kutazama pezi la chini kila siku mbili: la dume linaanza kuchongoka. Kabla ya wiki ya tano wawe wameshatengana. Ukingoja mpaka rangi zionekane vizuri umechelewa, na jike utakayedhani ni mwali ameshabeba mbegu za ndugu yake.

MamaTangi_Muyeye (Malindi)

Naongezea hapo kwa kaka Birika kuhusu uwiano, maana hapa ndipo majike wengi wanapokufia watu. Dume wa gapi hapumziki. Kuna namna mbili anazotumia: ya kwanza anajikunja kama herufi S mbele ya jike, anatetema na kufungua mkia ili achaguliwe. Ya pili anamvizia kwa nyuma na kumchoma bila ridhaa. Jike anapokea kwa hiari akiwa mwali na siku chache baada ya kuzaa tu. Wakati mwingine wote anakimbia. Ukiweka madume matatu na jike mmoja, jike hali, hapumziki, mapezi yanararuka, na ndani ya wiki chache amekwisha. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Hakuna nafasi? Basi fuga madume watupu. Wanaishi vizuri, na tangi linapendeza zaidi.

Majike wenyewe wana akili katika kuchagua. Wengi wanapenda dume mwenye rangi ya chungwa iliyokolea. Sehemu ya rangi hiyo inatokana na chakula, mwili hauiundi, kwa hiyo dume aliyekolea ni dume anayejua kutafuta chakula. Mwaka 1992 mtafiti Lee Dugatkin alionyesha jambo lingine: jike akimwona mwenzake karibu na dume fulani, naye humpendelea dume huyo huyo. Kwenye tangi utaliona hilo kwa macho yako, dume mmoja anazungukwa na wengine wanapuuzwa.

Sabaki_Kwetu (Malindi)

Na mito ya Trinidad imetufundisha kitu ambacho kitatufaa tukifika kwenye suala la kumwaga samaki. Huko, mabonde ya chini ya mito yana samaki wakubwa wanaokula gapi, lakini juu ya maporomoko hawapo. Mtafiti John Endler alichapisha mwaka 1980: penye maadui, madume wana madoa machache na hafifu, pasipo na maadui, vizazi vichache tu vinatosha kuwafanya wang'are, kwa kuwa majike ndio wanaoamua. David Reznick na wenzake waliwahamisha gapi kutoka penye maadui kwenda pasipo nao, na baada ya miaka 11 wakawakuta wanakomaa wakiwa wakubwa zaidi na wanazaa vifaranga wachache walio wakubwa. Mabadiliko ya kurithi, ndani ya vizazi 30 hadi 60. Huyu ni samaki anayebadilika haraka kulingana na mahali ulipomtia.

Pezi_Refu

Turudi nyumbani. Birika la msalani lina mita moja kwa mita moja, kina hadi kiunoni. Wangapi? Na niwalishe nini?

Birika_Mkomani

Hesabia uso wa maji, usihesabie lita. Kiluwiluwi cha mbu hupumulia juu, na gapi huwinda juu. Mdomo wake umeelekea juu kwa kazi hiyo. Kwa mita mraba moja weka watano hadi kumi, majike wengi kuliko madume, kwa sababu jike ni mkubwa na anakula zaidi. Wachukue wale wenye mkia mfupi, wanaofanana na wa porini. Gapi wa mapambo mwenye mkia kama leso anachoka kuogelea na hafukuzii windo.

Chakula: usiwape. Samaki aliyeshiba unga haendi kutafuta viluwiluwi. Ukoga wa ukutani, wadudu wanaoangukia majini na viluwiluwi vinamtosha. Kama birika limefunikwa na giza tupu, ukuta hauna ukoga wala wadudu hawaingii, hapo mpe chembe kidogo mara mbili kwa wiki, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika moja. Wakiongezeka, wakubwa watakula wadogo na idadi itajipunguza yenyewe.

Wazee waliojenga nyumba za mawe za hapa walikuwa wamelifikiria hili. Ndani ya sakafu ya birika walipachika bakuli la kaure, usawa wa mdomo wake na sakafu. Maji yakichotwa yakaisha, samaki wa birika wanajikusanya ndani ya bakuli, wanabaki hai mpaka birika lijazwe. Ukijenga jipya leo, bakuli lolote lenye kina cha sm 12 au 15 linafaa, mradi lisiwe la shaba wala lisipakwe rangi yenye risasi. Shaba ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo sana.

Fundi_Chokaa (Lamu)

Hapo kwenye birika jipya ndipo nilitaka kuingia. Plasta ya chokaa au ya saruji ikiwa mbichi inapandisha pH ya maji (kipimo cha asidi na magadi) hadi 11 au 12. Samaki akitiwa humo, ute wa mwili unageuka mweupe, matamvua yanaungua, na saa chache zinatosha kumuua. Watu wanasema maji yana chumvi. Chumvi haina kosa.

Utaratibu: acha plasta ikomae wiki nne huku ikilowanishwa. Jaza birika hadi juu, liache siku tatu, mwaga yote. Sugua kuta kwa brashi ya nyuzi za nazi, bila sabuni. Rudia kujaza na kumwaga mara nne au tano. Mara ya mwisho acha maji yakae saa 48 kisha pima kwa karatasi ya pH, ukichukua maji ya karibu na ukuta, siyo ya katikati. Ikisoma 8.5 au chini yake, tia samaki. Ikisoma 9 na zaidi, endelea kumwaga. Matumbawe na chokaa vilivyokwisha kukomaa havina madhara, tena gapi anapenda maji magumu, yaani yenye madini ya chokaa, na yenye pH 7 hadi 8 na kidogo. Maji ya mvua matupu kwenye jabia, lile birika la kukingia mvua, ndiyo yanayompa shida, kwa sababu ni laini mno. Kokoto za matumbawe zilizooshwa, kibaba kimoja chini ya birika, zinarekebisha.

Wavu_Mdogo

Na visima vyetu vya karibu na pwani, vile vyenye ladha ya chumvi?

Fundi_Chokaa

Anavihimili kuliko unavyodhani. Gapi akizoeshwa polepole kwa siku nyingi anaishi hata kwenye maji ya bahari. Kinachomuua ni kuhamishwa ghafla kutoka maji ya pepo kwenda ya chumvi, au kinyume chake. Kwa kisima cha chumvichumvi fanya hivi: weka samaki na maji yao ndani ya ndoo, ongeza kikombe kimoja cha maji ya kisima kila dakika tano mpaka ujazo uwe mara tatu. Ichukue saa moja na nusu au mbili. Kisha wachote kwa wavu, maji ya ndoo yamwage mchangani.

MamaTangi_Muyeye

Malindi mjini shida yetu si chumvi, ni klorini ya bomba. Maji yanatoka kwenye chanzo cha Baricho yakiwa yametiwa dawa, kama inavyotakiwa kwa ya kunywa. Kwa samaki, yaweke kwenye ndoo pana bila kifuniko saa 24 hadi 48, juani ni haraka zaidi. Ukitia pampu ya hewa, usiku mmoja unatosha. Na kisima kikitiwa klorini wakati wa kipindupindu, watoe samaki kwanza, usiwarudishe mpaka harufu iishe na siku mbili zaidi zipite.

Tangi jipya nalo lina hila yake. Mkojo na pumzi ya samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na bakteria wa kuila hawajajenga makao kwenye sponji la chujio. Inachukua wiki nne hadi sita. Katika kipindi hicho weka samaki wawili au watatu tu kwa lita 40, badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, na sponji lisuuzwe kwenye maji ya tangi lenyewe, kamwe siyo ya bomba, maana klorini inaua wale bakteria. Kaskazi inapopiga na maji ni nyuzi 30 na pH iko juu ya 8, amonia ile ile inakuwa kali zaidi, ndiyo sababu tangi lililokuwa salama Julai linaua Februari. Dalili: mapezi yamebanwa mwilini, samaki wote juu wanapumua kwa mdomo, matamvua mekundu sana.

Vifaranga: mama yao atawala, hasa akiwa na njaa. Kikapu cha plastiki chenye matundu ya milimita 3, kielee ndani ya tangi na mama ndani yake. Vifaranga wanapenya nje, yeye anabaki. Mtoe mara akimaliza. Au jaza kona moja magugu ya maji yenye majani membamba, wajifiche. Jike mchanga huzaa watano hadi kumi, mkubwa huzaa thelathini, hamsini, hata zaidi.

Chakula bora cha wiki mbili za kwanza ni artemia, wale kamba wadogo wa mashamba ya chumvi. Mayai yake makavu, robo ya kijiko cha chai kwa lita moja. Sisi wa pwani hatuna haja ya kununua chumvi: vikombe vitatu vya maji safi ya bahari kwa kimoja cha maji matamu. Chupa ya plastiki iliyogeuzwa kichwa chini, mpira wa hewa ufike chini kabisa, mapovu makubwa, mwanga. Baada ya saa 24 zima hewa, ngoja dakika kumi. Maganda yataelea juu, mayai mabovu yatatuama, artemia wa rangi ya chungwa watakusanyika penye mwanga juu kidogo ya chini. Wanyonye kwa mpira, wachuje kwa kitambaa, wasuuze kwa maji matamu, wape mara tatu kwa siku. Kiini cha yai la kuku kilichochemshwa kinafaa pia, ila ncha ya kijiti cha meno tu. Kikizidi maji yanachacha kabla ya magharibi.

Wavu_Mdogo

Na nyuzi nyekundu zinazochomoza kwenye haja ya samaki? Zinaingia na kutoka, akikaa tuli zinaonekana.

MamaTangi_Muyeye

Hao ni minyoo wa *Camallanus*. Wanang'ata utumbo na kunyonya damu. Ukiwaona kwa mmoja, tangi zima limeshapata. Dawa ni levamisole, ile ile ya minyoo ya mbuzi: miligramu 2 za dawa halisi kwa kila lita ya maji. Soma chupa uone kila mililita ina miligramu ngapi, usipime kwa macho. Zima taa, funika tangi, saa 24. Minyoo inapooza, haifi, inatoka na kinyesi, kwa hiyo lazima unyonye uchafu wote wa chini na ubadilishe maji mengi. Rudia baada ya wiki mbili au tatu. Birika la maji ya nyumba usilitie dawa hii hata kidogo; hamisha samaki kwenye ndoo.

Wakijisugua kwenye mawe na mapezi yakibana bila doa lolote, fikiria *Gyrodactylus*, kidudu cha ngozini kisichoonekana kwa macho. Ajabu yake ni kuwa naye huzaa hai, na mtoto anazaliwa akiwa na mtoto mwingine tumboni, ndiyo maana anajaa haraka. Bafu la chumvi: gramu 25 kwa lita, dakika tano, umesimama hapo hapo na wavu mkononi. Samaki akilala ubavu mtoe.

Pezi_Refu

Kwa hiyo nyumba ikiwa na gapi, dengi na chikungunya kwaheri?

Birika_Mkomani

Hapana, ndugu yangu. Lamu mwaka 2004 ulikuwa wakati wa ukame, watu wanahifadhi maji kwenye vyombo, na uchunguzi wa baada ya mlipuko wa chikungunya ulikadiria kuwa karibu asilimia 75 ya watu wa kisiwani waliambukizwa. Mbu wake ni *Aedes aegypti*, anayetaga kwenye vyombo vya nyumbani. Yai lake halimo majini. Analigandisha ukutani, kidogo juu ya maji, na hapo linakaa kavu kwa miezi. Birika likijazwa, yanaloa na kuanguliwa. Gapi anakula kitakachoanguliwa ndani ya birika lake. Mtungi, pipa, tairi, kifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua hawezi kuvifikia. Hivyo kila wiki maji yakishuka, sugua mkanda ule wa ukuta kwa brashi, na vyombo vingine vifunikwe au vimwagwe.

Wavu_Mdogo

Basi kwa nini tusiwamwage kwenye vidimbwi vya kule Mambrui na Gongoni? Vikikauka watakufa, hakuna hasara.

Sabaki_Kwetu

Naomba sana usifanye hivyo. Vidimbwi vya msimu kaskazini mwa Malindi vina samaki wao, *Nothobranchius jubbi*, dume wake ana rangi kama amechovywa. Mvua ikinyesha wanaanguliwa, wiki chache wamekomaa, wanataga ndani ya tope, kidimbwi kinakauka na wazazi wanakufa. Mayai yanangojea ndani ya udongo hadi mvua nyingine. Hao nao wanakula viluwiluwi, bila kazi yako.

Ukitia gapi mwanzo wa masika, atawala vifaranga wao wakiwa na milimita chache, kabla hawajataga. Kizazi hicho kimoja ndicho kinachojaza akiba ya tope. Kisha mafuriko ya Sabaki yakipanda yanaunganisha vidimbwi na mto na mabwawa yasiyokauka. Kumbuka lile swali la jike aliyetengwa: anatosha mmoja, mwenye mbegu za akiba, kuanzisha ukoo mzima. Hakuna wavu utakaomtoa tena.

Pezi_Refu

Na waliozidi nyumbani wapelekwe wapi?

Sabaki_Kwetu

Wagawie wafugaji wenzako, au wape samaki wakubwa wa tangi. Maji ya kubadilishia tangi yamwage kwenye mchanga au shamba, siyo mferejini, kwani kifaranga cha milimita 6 hukioni. Mgonjwa asiyepona: mafuta ya karafuu, matone kumi kwa lita. Yatikise kwanza kwenye chupa yenye maji vuguvugu kidogo mpaka yawe meupe kama tui, ndipo uyamimine. Matamvua yakiacha kucheza, muache humo nusu saa zaidi.

Na kama hutaki wazaane kabisa, weka madume watupu birikani, ila idadi ifanye mara mbili, kwa kuwa dume anakula kidogo.